Kichocho: kosa si la kinamasi

JUMAPILI baada ya ibada, barabara itokayo mjini Kisumu kwenda Dunga hujaa watu. Kuna wanaotembea, kuna wanaopanda bodaboda na kuna familia zilizobanana ndani ya tuktuk, watoto wakiwa wamepakatwa. Wanakwenda kula samaki, kupunga upepo na kutazama jua likitua ng'ambo ya ghuba. Wengine hukodi mashua wakazungushwa kando ya mafunjo kuwaona ndege na, wakibahatika, viboko. Joto linapozidi watoto huvua viatu, na kabla mama hajageuka wako majini hadi magotini wakirushiana maji.

Mama huwakemea. Anahofia kiboko, na ana haki ya kuhofia kwani kiboko huua. Lakini kiumbe ambaye ameleta maradhi katika nyumba nyingi zaidi za ufuo huu hana meno wala kishindo. Ni konokono bapa, wa rangi ya kahawia, anayeweza kukaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Makala haya hayakuandikwa ili kumfungia mtu nyumbani. Maziwa na vinamasi vya nyanda za mito inayoingia Ziwa Victoria ni miongoni mwa mahali pazuri pa kutembelea nchini, na mkazi wa mjini anayekaa mwaka mzima bila kupaona anajinyima. Ila ni vyema ajue anakanyaga wapi. Tena ni vyema tuipime upya dhana moja iliyokaa vichwani mwetu tangu shule ya msingi, kwamba kinamasi ndicho chanzo cha magonjwa na kwamba dawa yake ni kukikausha. Ukifuata njia ya ugonjwa hatua kwa hatua, utaona kwamba mambo si rahisi hivyo.

Maji yanakotoka

Ziwa Victoria lina ukubwa wa karibu kilomita 68,800 za mraba, na fungu la Kenya ni takriban asilimia 6 tu. Ndani ya fungu hilo kuna Ghuba ya Winam, mkono mrefu wa maji uingiao barani hadi Kisumu. Ghuba hii haina kina kirefu, na mlango wake wa kutokea kwenye ziwa kuu, upande wa kisiwa cha Rusinga, ni mwembamba. Kinachoingia humo hukawia kutoka.

Na yanayoingia ni mengi. Mto Nyando huteremka kutoka milima ya Nandi na Tinderet. Sondu-Miriu huja kutoka upande wa Mau. Nje ya ghuba, kaskazini, kuna Yala na Nzoia. Mito hii hukimbia milimani ikibeba udongo, mbolea ya mashamba na uchafu wa miji, kisha ghafla hukuta ardhi tambarare: Kano kwa Nyando, Alego na Yimbo kwa Yala, Budalang'i kwa Nzoia. Hapo mto hupoteza nguvu, hutawanyika, na wakati wa masika hufurika. Mafuriko ya karne nyingi ndiyo yaliyoziumba nyanda hizi pamoja na vinamasi vyake.

Mmea mkuu wa vinamasi hivi ni mafunjo, ambayo Waluo huyaita togo. Hufikia urefu wa mita 4 hadi 5 na husimama yakiwa yamesongamana kiasi kwamba mashua haipiti pasipokatwa njia. Maji ya mto yanapoingia humo hupunguza mwendo. Tope hutua chini, na mizizi hufyonza nitrojeni na fosforasi zilizotoka mashambani na kwenye majitaka. Ni kazi ile ile ya chujio la chai, majani hubaki na chai hupita. Hata wanawake wanaokata mafunjo kusukia mikeka na vikapu huondoa sehemu ya uchafu huo bila kujua, mradi wasikate mpaka mmea ushindwe kuchipuka.

Mahali chujio lilipotoboka utapaona kwa macho. Kuna miezi ambapo maji ya ghuba karibu na mji hugeuka kijani, mithili ya rangi ya nyumba iliyomwagwa. Hao ni vijimea vidogo sana, hasa wa aina iitwayo Microcystis, ambao hunenepeshwa na mbolea na majitaka. Baadhi yao hutoa sumu inayodhuru ini. Hapa pana jambo ambalo watu wengi hawalijui: kuchemsha maji huua vijidudu vya kipindupindu na homa ya matumbo, lakini hakuiondoi sumu hiyo. Maji yenye utando wa kijani hayafai kunywewa hata yakichemshwa, wala hayafai kuogwa.

Konokono na sisi

Sasa turudi kwa yule konokono. Wataalamu humwita Biomphalaria. Hukaa kandokando ya maji, akijishikiza kwenye nyasi, mashina ya mafunjo na mizizi ya gugumaji, yale magugu yenye maua ya zambarau yaliyovamia ghuba katika miaka ya 1990. Lakini shikilia jambo moja, msomaji: konokono huzaliwa safi. Ugonjwa anaupata kwetu sisi.

Ugonjwa huanza hivi. Mtu mwenye kichocho huenda haja kubwa kando ya ziwa, au mvua husomba kinyesi chake kutoka chooni au kichakani hadi majini. Ndani ya kinyesi mna mayai. Yakigusa maji baridi hupasuka na kutoa viluwiluwi visivyoonekana kwa macho. Kiluwiluwi kina muda mfupi, siku moja hivi, cha kumtafuta konokono wa aina yake. Asipompata, hufa na habari inaishia hapo. Akimpata, humwingia na kuzaana ndani yake. Baada ya wiki 4 hadi 6 konokono yule huanza kutoa viluwiluwi vya aina ya pili, vyenye mkia wa panda, na kutoka kiluwiluwi kimoja kilichomwingia sasa hutoka maelfu.

Viluwiluwi hivi vya pili ndivyo vinavyomtafuta binadamu. Huamshwa na mwanga, hivyo huwa vingi zaidi saa za jua kali kuelekea mchana na mapema alasiri, yaani saa zile zile ambazo mgeni wa Jumapili huona vizuri kuingia majini. Havihitaji kidonda wala mdomo. Hupenya ngozi nzima kwa dakika chache. Mtu anaweza kuwashwa kidogo au kutokwa na vipele, au asihisi kitu kabisa. Kisha minyoo hiyo michanga husafiri kwa damu hadi mapafuni na kwenye ini, hukomaa, dume na jike hukumbatiana, na wanandoa hao huhamia kwenye mishipa ya damu inayozunguka utumbo. Jike hutaga hadi mayai 300 kwa siku. Kwa kawaida huishi miaka 3 hadi 10, na wapo waliopatikana na minyoo hai miongo kadhaa baada ya kuhama penye maji hayo.

Daktari Mjerumani Theodor Bilharz ndiye aliyeiona minyoo ya jamii hii kwa mara ya kwanza ndani ya maiti mjini Cairo mwaka 1851, na ndiyo maana ugonjwa huitwa pia bilhazia.

Hapa ndipo watu wengi wa Kisumu wanapokosea. Tukisikia neno kichocho tunafikiria mtoto anayekojoa damu. Hiyo ni aina ya kibofu, inayojulikana sana Pwani na ambayo pia ipo sehemu fulani za bara la Nyanza. Aina inayotawala kando ya Ziwa Victoria ni ya utumbo, Schistosoma mansoni. Mkazi wa Dunga au Usoma anayengoja kuona damu kwenye mkojo ndipo aamini kuwa anaugua, atangoja sana. Dalili zake ni maumivu ya tumbo ya kuja na kwenda, kuharisha, wakati mwingine damu kwenye choo kikubwa, uchovu na upungufu wa damu. Ni dalili ambazo mtu humeza tembe ya maumivu akaendelea na kazi.

Hatari yenyewe imo kwenye mayai. Karibu nusu ya yale yanayotagwa hutoka na kinyesi. Yaliyosalia hukwama mwilini, hasa kwenye ini, na mwili huyazingira kwa kovu. Baada ya miaka mingi ini hujaa makovu, damu hushindwa kupita, wengu huvimba na tumbo hujaa maji. Mishipa ya koo la chakula hufura kwa shinikizo, na siku ikipasuka mgonjwa hutapika damu. Majirani husema amelogwa au ametiliwa sumu, kumbe jambo lilianza akiwa na umri wa miaka 5 akimsaidia mamake kufua nguo.

Waosha magari

Kwa miaka mingi vijana wa Kisumu walijipatia riziki kwa kuosha magari ufuoni. Gari liliingizwa ziwani hadi magurudumu yakazama nusu, na kijana akasimama majini kutoka asubuhi hadi jioni. Matatu, malori na magari ya wakubwa yalioshwa hapo. Wakati huo huo wachimba mchanga walikuwa majini hadi kifuani katika fuo nyingine.

Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Kimatibabu nchini (KEMRI), wakishirikiana na wenzao wa kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa (CDC), waliwafuatilia vijana hao kuanzia miaka ya 1990. Waliwapima, wakawatibu, wakawaacha warudi kazini, kisha wakawapima tena. Jambo la kwanza lilikuwa la kutarajiwa: waliotibiwa waliambukizwa tena, kwani kazi yao ilikuwa majini. La pili lilistaajabisha. Baadhi yao, baada ya kutibiwa mara nyingi, walianza kukawia kuambukizwa ingawa walikuwa wakisimama katika maji yale yale. Inaonekana minyoo inapokufa kwa dawa mara kwa mara, mwili hujifunza kuitambua. Na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2002 yalionyesha kwamba wale waliokuwa na virusi vya Ukimwi, kinga yao iliposhuka, waliambukizwa upesi zaidi kuliko wenzao.

Hebu fikiria maana ya jambo hilo kwa ufuo ambao viwango vya Ukimwi vimekuwa miongoni mwa vya juu zaidi nchini. Magonjwa haya mawili hayaishi katika nyumba tofauti.

Utafiti huo ulitufundisha jambo jingine lisilosemwa mara nyingi. Tangu mwaka 2012, mpango wa kitaifa wa dawa za minyoo shuleni umewafikia watoto wengi, na katika maeneo yenye kichocho wamepewa pia dawa yake. Ni kazi nzuri. Lakini muosha gari, mvuvi, mchimba mchanga, mwanamke anayesubiri mashua za omena akiwa amesimama majini, hao hawako shuleni. Wala kitoto cha miaka 3 kinachoogeshwa ziwani na dadake. Ikiwa hao wote wanaendelea kutoa mayai, konokono wataendelea kuambukizwa, na mwanafunzi aliyetibiwa Jumatatu ataupata tena ugonjwa Jumamosi.

Tambarare ya Kano

Ukitoka Kisumu kwa barabara ya kwenda Kericho, baada ya kilomita 20 na kitu utafika Ahero. Kushoto na kulia kuna mashamba ya mpunga ya mradi wa unyunyiziaji ulioanzishwa miaka ya 1960, na korongo weupe wakifuata jembe. Kwa mpenda ndege ni mahali pa kusimamisha gari. Kwa mwandishi wa afya ni mahali pa kuuliza maswali.

Mbu anayependa mashamba ya mpunga siye anayependa kinamasi chenye kivuli. Aina ya Anopheles arabiensis na jamaa zake hutaga kwenye maji madogo yanayopigwa na jua, kama shamba la mpunga kabla halijafunika, alama ya kwato za ng'ombe, shimo la kufyatulia matofali au mtaro ulioziba. Yupo pia Anopheles funestus, anayependa maji ya kudumu yenye majani, kwa hiyo sisemi kwamba kinamasi hakina mbu. Asiyeamini aende Dunga magharibi akiwa amevaa kaptura. Lakini kukikata kinamasi na kukiacha wazi kwa jua si kuondoa malaria. Watafiti waliolinganisha vijiji vya kusini magharibi mwa Uganda, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000, waliona kwamba mahali mafunjo yalipofyekwa na kulimwa palikuwa na joto zaidi na hatari zaidi ya malaria kuliko mahali mafunjo yalipoachwa.

Katika uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2020, watoto waliopatikana na vimelea vya malaria katika ukanda wa ziwa walikuwa asilimia 19, ilhali wastani wa nchi ulikuwa asilimia 6. Miaka mitano awali ukanda huo ulikuwa na asilimia 27. Vyandarua na dawa zimefanya kazi, na mnamo Septemba 2019 chanjo ya kwanza ya malaria ilizinduliwa nchini, katika Kaunti ya Homa Bay.

Tatizo la Kano ambalo kila mtu analijua ni mafuriko. Mvua kubwa za 1961 na 1962 zililipandisha ziwa kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 likarudi kwenye kiwango kile cha 1964, likameza fuo, mashamba na nyumba. Mwaka 2024 maji yalikuja tena. Picha za magazetini huonyesha watu wakibeba magodoro vichwani. Kisichoonekana pichani ni choo cha shimo kilicho chini ya maji hayo. Pale shimo linapofurika, kisima cha jirani, uwanja wa shule na mtaro wa mpunga vyote huwa bwawa moja.

Mfano uliotisha zaidi ulitokea wakati wa El Nino. Kati ya Juni 1997 na Machi 1998, hospitali za uliokuwa Mkoa wa Nyanza zililaza wagonjwa 14,275 wa kipindupindu, na 547 kati yao wakafariki. Watafiti walipouliza nani aliugua na nani hakuugua, majibu yalikuwa wazi: walionywa maji ya ziwa au ya kijito, waliokula pamoja na mtu anayeharisha, na waliohudhuria matanga ya aliyekufa kwa ugonjwa huo wakala huko. Wakazi wa vijiji vilivyopakana na ziwa walikuwa katika hatari zaidi. Utafiti mwingine uliotolewa mwaka 2010 ulionyesha kwamba miaka ambayo gugumaji lilitanda sana, kipindupindu nacho kiliongezeka Nyanza. Na gugumaji, kama zile rangi za kijani, hulishwa na mbolea ambayo chujio letu halikuizuia.

Kanyaboli

Mwenye siku nzima na aendelee hadi Siaya. Huko, mahali Mto Yala unapotawanyika kabla ya kufika ziwani, kuna kinamasi cha Yala, chenye ukubwa wa takriban hekta 17,500, kikubwa kuliko vyote vya maji baridi nchini. Ndani yake mna maziwa madogo: Kanyaboli, Namboyo na Sare. Kanyaboli ndilo kubwa, kama kilomita 10 za mraba hivi. Asubuhi na mapema, ukungu ukiwa bado juu ya maji, hutasikia ila ndege na makasia. Nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, yumo humo, ingawa ni vigumu kumwona.

Samaki wake wana hadithi ya kusikitisha na kufariji kwa pamoja. Ngege wa asili, aliyekuwa kitoweo cha wazee wetu, alikaribia kutoweka katika ziwa kuu baada ya mbuta na samaki wengine wageni kuletwa katika miaka ya 1950 na 1960. Kanyaboli alibaki. Mbuta hakuweza kuvuka ukuta wa mafunjo, kwani maji ya ndani ya kinamasi yana hewa kidogo mno kwake.

Kamongo yeye hana shida hiyo, maana ana mapafu. Samaki huyu mrefu kama nyoka, ambaye watu wengine hukataa kumla kwa sura yake, hutaga na kulea watoto wake vinamasini. Na chakula chake kimojawapo akipendacho ni konokono. Huwaponda kwa taya zake kama mtu atafunaye njugu. Kila kipande cha kinamasi kinachokaushwa huondoa maskani ya mlaji huyu, na kwenye mifereji inayochimbwa badala yake, yenye maji ya polepole na nyasi kando, konokono hustawi bila wa kuwasumbua.

Kinamasi cha Yala kimekatwa mara kadhaa. Hekta 2,300 hivi zilikaushwa katika miaka ya 1960 na 1970, na mapema miaka ya 2000 kampuni ya kigeni ikaja na kilimo kikubwa cha mpunga. Sina ugomvi na mpunga, tunaula. Lakini hesabu za miradi hiyo huandikwa kwa magunia, na sijaona iliyoandika pia gharama ya zahanati.

Kwa anayetaka maji yasiyo na konokono kabisa, lipo Ziwa Simbi Nyaima karibu na Kendu Bay. Ni la magadi, konokono wa kichocho hawezi kuishi humo, na mara nyingine heroe hutua. Huogi wala kunywa, unatazama tu na kusikiliza hadithi ya mwanamke mzee aliyenyimwa makao na kijiji kikazama.

Ukirudi nyumbani

Tuseme umekwenda. Mashuani hakuna hatari ya kichocho ukibaki mkavu, na kidaraja cha mbao ni bora kuliko kushuka majini. Usidhani kwamba kina kirefu ni salama: aina moja ya konokono hawa huishi mbali na ufuo, na gugumaji linaloelea huwabeba wengine popote upepo unapolisukuma. Aliyelowa ajifute upesi, lakini asihesabu taulo kuwa kinga ya kutegemewa. Viatu vya mpira vinavyofika magotini humsaidia anayelazimika kuingia.

Kwa anayeishi huko na ambaye maji yake ni ya ziwa, kuna njia isiyogharimu kitu. Viluwiluwi vya kichocho haviishi zaidi ya siku mbili bila kupata mtu. Maji yakichotwa na kuwekwa kwenye chombo safi kilichofunikwa kwa saa 48, bila konokono ndani, yanafaa kuogea na kufulia. Ya kunywa ni lazima yachemshwe au yatiwe dawa ya klorini, kwa kuwa kipindupindu hakifi kwa kungoja.

Kuhusu kupimwa, choo kikubwa ndicho hupimwa kwa aina hii ya kichocho, si mkojo tu. Mwambie mhudumu waziwazi kwamba uliingia ziwani. Mayai hayaonekani kila siku, kwa hiyo kipimo kimoja kisichoonyesha kitu hakitoshi kwa mtu mwenye dalili, na daktari anaweza kuomba kingine.

Dawa ni praziquantel. Kipimo cha kawaida ni miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, maana yake mtu wa kilo 60 humeza tembe 4 za miligramu 600 kwa mara moja, baada ya kula. Kichefuchefu, kizunguzungu na maumivu ya tumbo vinaweza kumpata kwa saa chache, hasa aliye na minyoo mingi. Mwenye kifafa amweleze daktari kwanza. Mama mjamzito aliyepita miezi mitatu ya mwanzo na mama anayenyonyesha wanaweza kutibiwa. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilishauri kwamba mahali ambapo asilimia 10 au zaidi ya watu wanaugua, dawa itolewe kwa wote kuanzia umri wa miaka 2, wakiwamo watu wazima, si wanafunzi pekee.

Watoto wadogo zaidi walikuwa wamesahauliwa kwa sababu tembe hii ni kubwa na chungu. Sasa kuna iliyotengenezwa kwa ajili yao, ya kuyeyushwa katika maji, kwa watoto wa kuanzia miezi 3 hadi miaka 6. Ilifanyiwa majaribio ya mwisho nchini Ivory Coast na hapa Kenya, watafiti wa KEMRI wakishiriki, na mnamo Mei 2024 WHO iliiidhinisha. Wazazi wa ufuoni na waulize habari zake kliniki wanapowapeleka watoto kupimwa uzito.

Neno la mwisho ni kuhusu siku. Praziquantel huua minyoo iliyokomaa, wala haiwezi ile michanga. Mayai nayo huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonekana. Kwa hiyo anayekimbilia hospitali kesho yake baada ya kuogelea huambiwa hana kitu, akarudi nyumbani akifurahi bure. Kama watoto wako walikuwa majini Dunga Jumapili iliyopita, chukua kalenda, hesabu wiki 8 kutoka siku hiyo, utie alama, na uwapeleke siku hiyo. Wakipatwa na homa, kikohozi au vipele kabla ya hapo, nenda mara moja, na usisahau kusema kwamba walicheza ziwani.